Maji yamepoza prosesa, mbona mashine bado inajizima?

Ndugu yangu, usikimbilie maduka ya Luthuli kurudisha hicho kipoza joto. Umesema una Ryzen 7 5800X kwenye ubao mama wa B550. Ulikuwa na kipoza joto cha feni, ukakitoa ukaweka cha maji chenye rejeta ya mm 240, kisha ukapandisha PBO (mpangilio unaoiruhusu prosesa ipite mipaka ya kiwandani) kwa MHz 200 na kuweka Curve Optimizer (mpangilio wa kupunguza volteji) -30 kwa viini vyote, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu. Sasa prosesa haipiti nyuzi 68, lakini mashine inajiwasha upya ukiwa unasoma tu barua pepe, na siku nyingine gemu inaanza kukwamakwama baada ya kama nusu saa. Kwa maelezo hayo naona una matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja litakaloonekana kwenye hicho kipimo cha joto unachokitazama.

Naunda na kurekebisha mashine za gemu hapa Nairobi, na yangu mwenyewe ina prosesa kama yako. Haya yote mawili nimekutana nayo, moja kwangu na jingine kwa mteja.

Anza na hili: rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, RAM nayo usiiwekee XMP (mpangilio unaoipa kasi ya juu kuliko ya kawaida), halafu tumia mashine kama kawaida kwa siku kadhaa. Najua inauma kununua kipoza joto cha maji kisha uambiwe uendeshe mashine polepole. Lakini ikijizima hata hapo, basi ovakloki, yaani kuiendesha kupita kasi ya kiwandani, haihusiki, na utakuwa umejiokolea wiki nzima ya kubadilisha namba ovyo. Ikitulia, endelea na yafuatayo.

Jiulize inajizima ikiwa inafanya nini. Watu wengi huuliza joto lilikuwa ngapi. Mimi naona wakati wenyewe unasema mengi zaidi kuliko joto. Mashine inayokufa ikiwa imetulia, kivinjari kikiwa wazi au ukiwa unabofya tu faili, ina ugonjwa wake. Ile inayovumilia dakika ishirini za kazi nzito halafu ianze kuyumba ina ugonjwa mwingine. Na ile inayozima tii papo hapo kadi ya grafiki inapoanza kuvuta umeme, hiyo nayo ni kesi ya tatu.

Tuchukue ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu baada ya kuweka maji. Prosesa za Ryzen hujipangia kasi zenyewe kwa kuangalia joto, umeme na kazi iliyopo. Zikiwa na joto, hujizuia. Ukiwa na feni, prosesa yako ilikuwa inafika kwenye joto kiasi cha kutojaribu kasi za juu kabisa. Sasa maji yameipoza, nayo inaona nafasi, inapanda. Kwenye boksi imeandikwa GHz 4.7, na wewe umeiongezea ruhusa ya MHz 200 zaidi. Wakati huohuo ile -30 inaipunguzia volteji: kila hatua moja ya Curve Optimizer ni takriban millivolti 3 hadi 5, kwa hiyo 30 ni upungufu mkubwa. Unaidai kasi ambayo haijawahi kufika, huku umeinyima chakula. Hapo kiini kimoja kinakosea hesabu, na mashine inajiwasha upya bila hata skrini ya bluu.

Na mbona inatokea ukiwa unasoma barua pepe badala ya ndani ya gemu? Kwa sababu kasi ya juu kabisa hutolewa kwa kiini kimoja au viwili kazi ikiwa nyepesi. Viini vyote 8 vikifanya kazi, kasi inashuka kidogo na hatari inapungua. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha Cinebench, programu ya kubana viini vyote kwa pamoja, saa nzima ikapita vizuri, akalala akiamini mashine imetulia, asubuhi akaikuta imejiwasha upya yenyewe.

Ushahidi wake uko ndani ya Windows. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute WHEA-Logger (rekodi ya hitilafu za vifaa) yenye namba 18. Ifungue usome mpaka chini, utaona mstari wa Processor APIC ID na namba mbele yake. Kwa 5800X, gawanya namba hiyo kwa 2 uache baki: 0 na 1 ni kiini cha 0, 2 na 3 ni kiini cha 1, hivyo hivyo hadi 14 na 15 ambazo ni kiini cha 7. Kwangu zilikuwa zinarudi 4 na 5 kila mara, yaani kiini cha 2. Nilipofungua Ryzen Master, programu ya AMD yenyewe, nikakuta kiini hichohicho ndicho chenye alama ya nyota, yaani kimojawapo cha vile bora zaidi. Viini bora tayari vinaendeshwa kwa volteji ndogo kutoka kiwandani, kwa hiyo havina akiba kubwa ya kupunguziwa. Ukivipa -30 sawa na vingine, ndivyo vinavyoanguka kwanza.

Dawa yake: ondoa hiyo +200 kabisa, iwe 0. Viini viwili bora vipe -5, vilivyobaki -15, kisha ujaribu kwa CoreCycler, programu ambayo hubana kiini kimoja baada ya kingine badala ya vyote kwa pamoja. Iache ifanye kazi usiku kucha. Kiini kikikosea, namba yake isogeze kuelekea 0 kwa hatua 3 au 5, uanze tena. Kazi hii inachosha, sikudanganyi, ila mashine yangu haijajizima hivyo tangu nilipoimaliza. Hiyo MHz 200 unayoililia hutaiona ndani ya gemu yoyote.

Sasa kukwamakwama baada ya nusu saa. Hapa ndipo maji yanapowaumiza watu wasiojua. Kile kipoza joto cha zamani, feni yake ilikuwa inasukuma hewa kupita prosesa, na hewa hiyo ilikuwa inamwagika juu ya vitu vyote vilivyo kandokando: vijiti vya RAM, na hasa VRM, zile saketi zilizo kando ya soketi zinazobadilisha volti 12 kuwa volti moja na kitu ya prosesa. Hakuna aliyekuambia kwamba ile feni ilikuwa inafanya kazi mbili. Umeitoa, mahali pake pana kichwa cha pampu kisichopuliza chochote. Prosesa imepoa, VRM zimeachwa zikijipikia.

Mteja mmoja wa mtaa wa Umoja aliniletea mashine ya namna hiyo. Prosesa ilikuwa inacheza kwenye nyuzi 60 na kitu, lakini kila baada ya muda kasi ilikuwa inaanguka kutoka GHz 4.5 hadi chini ya GHz 1, gemu inaganda sekunde chache, halafu inarudi kama hakuna kilichotokea. Nikafungua HWiNFO, programu inayosoma vihisi vya mashine, nikashuka hadi kwenye mstari wa VRM MOS, nikaona namba inapanda taratibu, 88, 93, 99, na kuzidi. Kile kibati cha kupoza kilichobandikwa juu ya saketi hizo hukuweza kukigusa kwa kidole. Nikaondoa ubavu wa kasha, nikaelekeza feni ya mezani pale karibu na soketi, mchezo ukiendelea. Namba ikaanza kurudi nyuma, na kukwama kukakoma bila kugusa kitu kingine chochote. Kwangu kipimo hicho cha feni ya mezani kinatosha kuliko maneno yote ya dukani. Baadhi ya bodi hazina kihisi cha VRM, kwa hiyo HWiNFO isipokuonyesha mstari huo, jaribu feni tu.

Rejeta yake ilikuwa mbele, feni zikiingiza hewa ndani, yaani hewa iliyokwisha kupashwa na maji ndiyo iliyokuwa ikielekea kwenye kadi ya grafiki na VRM. Tuliihamishia juu, ikawa inatoa hewa nje, na feni mbele zikabaki kuingiza hewa safi. Feni za rejeta ya juu huvuta hewa ikipita palepale karibu na VRM na RAM, kwa hiyo unapata faida mbili. Kama kasha lako halina nafasi juu, funga feni ndogo ya mm 80 kwa zip-tie ikiangalia saketi hizo, na upunguze PPT, yaani kikomo cha umeme wa prosesa. Kiwango cha kiwandani cha 5800X ni wati 142. Kuiteremsha hadi 120 kunapunguza joto sana, na mwendo wa gemu hautabadilika kwa kiasi utakachokiona.

Jambo jingine la wakazi wa hapa. Nairobi iko takriban mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 80 na kidogo ya ule wa Mombasa. Feni ikizunguka kwa kasi ileile inabeba hewa pungufu kwa uzito, kwa hiyo usishangae matokeo yako yakiwa mabaya kuliko ya mtu wa YouTube aliyeko London. Na ukipanga ovakloki mwezi wa Julai na baridi ile, ipime upya Februari kabla hujamwambia mtu kwamba imetulia.

Pia kipoza joto cha maji hakipimwi kwa dakika tano. Maji yana uwezo mkubwa wa kubeba joto, yanachukua muda kufika kiwango chake. Ipe kazi nzito angalau nusu saa ndipo uandike namba.

Kuhusu pawasaplai, umesema fundi mmoja amekuonyesha Kernel-Power 41 akakwambia ununue nyingine. Hapana. Hiyo 41 inasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu, haisemi sababu. Ukikata stima ukutani utaiona hiyohiyo. Pawasaplai naanza kuishuku mashine inapozima kabisa wakati mzigo unapopanda ghafla na isiwake mpaka uzime swichi ya nyuma uwashe tena, kwa sababu hapo ni ulinzi wake wa ndani umejifunga. Yako inajiwasha yenyewe. Hata hivyo, angalia ule waya wa pini 8 wa prosesa pale juu kwenye kona ya ubao, kwa sababu mkono ukiwa unapitisha mipira ya rejeta huusukuma kwa urahisi.

RAM nitaipita haraka. DDR4-3600 yenyewe ni ovakloki, kwani 5800X rasmi inaunga mkono 3200. Ukishatuliza prosesa, washa XMP, uipitishe MemTest86 mizunguko minne. Pia hakikisha BIOS inaonyesha RAM yote uliyo nayo. Kwenye soketi ya AM4, kipoza joto cha zamani kikivutwa kwa nguvu pesti iliyo kati yake na prosesa ikiwa imekauka, prosesa hung'oka nayo, pini zikapinda, na baadaye nusu ya RAM haionekani. Kama uling'oa hivyo, itoe prosesa uzitazame pini kwa mwanga wa pembeni.

Mwisho ni pampu yenyewe. Waya wake uwe kwenye tundu la ubao lililoandikwa AIO_PUMP, au kama ubao hauna, CPU_FAN, lakini BIOS uiambie iende kasi kamili muda wote. Ukiiacha ipande na kushuka na joto kama feni, itakuwa inalegea kila mashine inapotulia. Na kichwa cha pampu kisiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, sehemu fulani ya rejeta iwe juu yake, ili hewa iliyomo ikae kwenye rejeta badala ya pampu.

Kuna hali moja tu ambayo mimi ningebeba kifaa hicho na risiti kurudi dukani. Washa mashine, ipe kazi, ushike mipira yote miwili. Ikiwa mzima, tofauti ya joto kati yake ni ndogo, mara nyingi hata hutaihisi. Ukikuta mmoja unachoma na mwingine ni baridi, au prosesa inaruka hadi nyuzi 90 ndani ya sekunde chache na pampu inatoa mlio wa kukwaruza, maji hayazunguki. Hapo rudisha kesho asubuhi, na uwaonyeshe video ya namba za HWiNFO, maana bila hiyo watakwambia kifaa ni kizima. Kwa nyuzi 68 ulizoandika, yako sidhani imefika huko. Lete APIC ID na namba ya VRM, na utaje jina kamili la ubao wako, maana bodi za B550 hazilingani hata kidogo kwa ubora wa VRM.