Kutazama Ndege Bandarini Wakati wa Kiangazi: Fuata Maji, Usifuate Saa

Anayetaka kutazama ndege bandarini siku ya kiangazi aanze kwa kuangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, kabla hata ya kufikiria darubini. Maji yakipwa, vitwitwi, yaani ndege wa ufukoni, hutawanyika mbali kwenye matope wakitafuta minyoo, na aliye ukingoni huambulia vidoa tu. Yakianza kujaa, matope hupungua, nao husogea kidogo kidogo kuelekea nchi kavu hadi wakajikusanya kwenye ufuko mwembamba au juu ya ukuta wa kukinga mawimbi. Kwa uzoefu wangu, muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa una faida kuliko siku yote iliyobaki. Kwa kuwa maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, wakati uliokufaa leo hautakufaa juma lijalo. Siku za bamvua maji hupanda zaidi na kuwasukuma ndege karibu nawe, lakini siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, wengine hawalazimiki kuhama.

Keti mahali pamoja, jua likiwa mgongoni mwako. Darubini inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha kabisa. Inayokuza zaidi hutikisika mkononi penye upepo. Adhuhuri pumzika, maana joto huifanya hewa iliyo juu ya matope na saruji icheze, na hata rangi ya miguu ya ndege haitambuliki.

Ndege wa kiangazi ninayempenda kuliko wote ni buabua. Huruka mdomo ukielekea chini, husimama angani akipigapiga mabawa, kisha hujitosa kichwa mbele na kuibuka na samaki mdogo aliyekingama mdomoni. Usimwondolee macho hapo. Akimmeza, amejilisha mwenyewe. Akimbeba kuelekea upande uleule kila mara, huenda ana makinda huko, nawe usimfuate. Mayai yake hufanana na kokoto kiasi kwamba mtu huweza kuyakanyaga bila kuyaona, na wazazi wakifurushwa, jua kali huyaharibu au shakwe huyala. Buabua wakianza kukushambulia kichwani kwa makelele, rudi ulikotoka mara moja, hata kama picha unayoitamani ni nzuri kiasi gani.

Kwa upande wa shakwe, anayeanza ajifunze kwanza wale waliokomaa, kwa kulinganisha rangi ya mgongo, mdomo na miguu. Shakwe wakubwa huchukua takriban miaka 4 kupata manyoya ya utu uzima, na wale wenye mabaka ya kahawia huwasumbua hata wazoefu.

Katika nchi za kaskazini, mwezi wa Julai huwa tayari unawaleta vitwitwi wanaorudi kutoka Aktiki. Waliokomaa hutangulia, wengine wakiwa bado na wekundu wa msimu wa kuzaliana, na vijana hufuata baadaye wakiwa na manyoya mapya yasiyochakaa. Kwa hiyo andika daftarini tarehe, hali ya maji na umri wa ndege, si jina lake peke yake, kisha urudi palepale mwezi Agosti ulinganishe.