Maporomoko yakiganda: majibu kwa wanaojiandaa kwenda

Baridi ikishika, barua zinazonijia karibu zote huulizia safari ya kwenda kuona maporomoko yaliyoganda. Leo najibu tano.

Yakiganda, maji huwa yamesimama kabisa?

Mara nyingi hapana. Barafu huanzia kandokando, pale manyunyu yanapogusa mwamba uliopoa, kisha hujijenga tabaka juu ya tabaka huku maji yakiendelea kuteremka ndani. Tega sikio, utayasikia. Ndiyo maana sichoki kurudia kwamba ukuta ule si jiwe. Una uwazi ndani, maji yanaupitia, na mita moja ya ujazo ya barafu ina uzito wa takriban kilo 917.

Nichague siku gani?

Subiri baridi ikae chini ya nyuzi sifuri siku kadhaa mfululizo, mchana na usiku. Wengi hutazama utabiri wa siku ya safari tu, kumbe siku zilizotangulia ndizo zenye habari. Joto likipanda, maji hupenya kati ya barafu na mwamba, na mapande hubanduka. Baridi kali ya ghafla nayo ina hatari yake, kwa kuwa barafu husinyaa na kupasuka. Jua likiupiga ukuta moja kwa moja, michirizi ya barafu huanza kudondoka hata kama hewa bado ni ya baridi. Mimi hufika asubuhi, na saa ya kugeuza naipanga kabla ya kutoka nyumbani, kwani mchana wa msimu huo ni mfupi.

Binti yangu wa miaka 12 anataka kupigwa picha akiwa chini ya barafu. Nimruhusu?

Usimruhusu, tafadhali. Mkifika, tazameni vipande vilivyotapakaa juu ya theluji: hapo ndipo vinapoangukia. Simameni mbali kuliko kile kilichofika mbali zaidi. Wala msikanyage dimbwi lililo chini yake. Sentimita 10 za barafu safi na ngumu ya ziwani humbeba mtu anayetembea, lakini kipimo hicho hakifai penye maji yanayokwenda. Yanaila barafu kwa chini na theluji inaficha palipo pembamba.

Kwa safari ya kwanza ya mtoto, tafuteni njia iliyoandaliwa. Johnston Canyon, ndani ya hifadhi ya Banff nchini Kanada, ni mfano mzuri: kuna vijia vilivyoshikizwa kwenye ukuta wa korongo, maporomoko ya chini yako yapata kilomita 1.2 kutoka mwanzo wa njia, na ya juu kilomita 2.5. Picha ya kutoka mbali huonyesha pia ile buluu ya barafu nene, ambayo hutokea kwa sababu barafu humeza wekundu wa mwanga.

Nivae nini?

Chochote ila pamba. Ikilowa jasho haikupi joto tena. Vaa sufu mwilini, kisha nguo ya joto, kisha jaketi la kuzuia upepo, na uvue mapema kabla hujatoka jasho. Beba glavu za akiba. Viatu vivalishe meno ya chuma, kwani karibu na maporomoko manyunyu huigeuza njia kuwa barafu tupu. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, maana maji huanza kuganda kwa juu.

Nitajuaje mwenzangu amezidiwa na baridi?

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hujikwaa, maneno humwia mazito, vidole havimtii. Akiacha kutetemeka akiwa bado baridini, hali imekuwa mbaya. Mwondoe kwenye upepo, mvue kilicholowa, mfunike, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anameza vizuri, na ita waokoaji. Pombe asipewe. Vidole vilivyoganda msivisugue.

Safari moja, mwenzangu alishindwa kufunga zipu ya jaketi lake. Sauti ya maji tulikuwa tumeshaanza kuisikia. Tuligeuza.