Kongwa haikukosa mtaji

Swali lenu la wiki ni hili: "Je, uchumi wetu haukui kwa sababu hatuna mtaji?" Mimi nauliza, mtaji upi? Kijana akisema "sina mtaji" anawaza bunda la noti. Noti ni za kununulia tu. Mtaji ni trekta, ghala, ng'ombe wa maziwa, na fundi anayeweza kuifungua injini na kuirudisha ikawaka.

Anayebisha aende Kongwa, huko Ugogo, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walianza pale mpango wa karanga wa Tanganyika, wakilenga ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta na mabuldoza mengi yalikuwa masalia ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, yamekwisha chakaa. Vipuri vikachelewa, mashine zikalala. Vifaru vya kivita aina ya Sherman navyo viligeuzwa matrekta! Vichaka vya Ugogo ukivilaza, mizizi inabaki chini kunasa jembe. Mchanga wa pale unakula chuma kama msasa, na mfinyanzi wake ukipigwa na jua unakuwa sakafu. Sasa karanga ina tabia yake: ua likishachavushwa, kikonyo huinama na kuzama ardhini, na ganda hujaa humo humo. Udongo ukikaza, kikonyo hakipenyi. Kikipenya mapema na udongo ukakaza baadaye, siku ya kung'oa unabaki na majani mkononi, karanga ziko chini. Mvua nayo ya kubahatisha. Wagogo hawakushikilia uwele na mtama bure. Januari 1951 mpango ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 zikaenda nao.

Nilikusudia kumalizia hapo, niseme mtaji si hoja. Lakini bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo, na leo inapakia korosho. Reli yake ya Nachingwea iling'olewa, kwa kuwa mzigo wa kuilisha haukupatikana. Basi mtaji ni hoja, tena kubwa, ila uwe na cha kuulisha.

Hata mashine ya kusaga kijijini ni hivyo. Kikundi kinamaliza mkopo wote kwenye kinu na injini. Baada ya miezi michache nyundo za kinu zimelika, chekeche limetoboka, mkanda umekatika, dizeli inakopwa, na marejesho yanadaiwa. Hapo kilichokosekana ni mtaji wa mzunguko, yaani dizeli na vipuri vya kuendeshea kazi, na huo wakopeshaji wengi hawapendi kuutoa kwa sababu hauonekani. Kwa hiyo ndiyo, mtaji tunaukosa, lakini si ule tunaoulilia. Mimi ningetenga robo ya mkopo kwa dizeli na vipuri kabla ya kulipia mashine.

Robo hiyo nimeikadiria kwa kinu kinachosaga mahindi makavu. Ukipokea yenye unyevu, chekeche huziba, injini hulemewa, na dizeli huisha kabla ya foleni.