Maswali na majibu: Mradi wa mwaka wa mwisho

Msimu wa miradi ya kuhitimu umefika. Barua za safari hii zimetoka kwa vijana wetu wanaosoma masomo ya rangi na asili za watu (ethnic studies) katika vyuo vya Marekani, na moja kwa mzazi.

Nataka kuandika kuhusu ubaguzi wa rangi Marekani. Msimamizi anasema mada ni pana mno. Nikate wapi? (Mwanafunzi, St. Paul)

Kata hapo hapo ulipo. Katika mji wako, mtaa wa watu weusi wa Rondo ulipasuliwa katikati na barabara kuu ya I-94, iliyojengwa kati ya 1956 na 1968. Mamia ya familia walihamishwa, maduka yakafungwa, na mwaka 2015 meya akaomba radhi hadharani. Yote hayo bado ni habari tu, hujapata swali. Swali ni kama hili: wenye nyumba wa barabara moja ya Rondo walihamia wapi, na vitongoji gani viliwakataa? Hapo una kitu cha kutafuta. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi wa Mapping Prejudice, uliochora ramani ya hati za nyumba zilizopiga marufuku wanunuzi wasio weupe. Magazeti ya zamani yako Minnesota Historical Society, mjini kwako. Swali likitaja mahali, watu na miaka, msimamizi hatalirudisha. Akilirudisha, mbane akueleze anataka nini. Ndiyo kazi anayolipwa.

Nataka kumhoji mama yangu na wenzake wa kanisani, wakimbizi wa Kongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Kweli nahitaji kibali kumhoji mama yangu mwenyewe? (Binti, Dallas)

Iulize bodi ya maadili ya utafiti ya chuo kabla hujawasha kinasa sauti. Kanuni za serikali zilizoanza kutumika 2019 zimeyatoa masimulizi ya historia kwa mdomo katika tafiti zinazolazimika kukaguliwa, lakini usijiamulie mwenyewe kwamba kazi yako ni masimulizi. Wala usidhani huu ni urasimu mtupu. Kuanzia 1932 hadi 1972 maofisa wa afya wa serikali waliwaacha wanaume weusi huko Tuskegee, Alabama, waugue kaswende bila kuwatibu wala kuwaambia ukweli. Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya utafiti ya 1974. Mwanafunzi wa somo lako hana ruhusa ya kulisahau hilo.

Ila kibali ndicho chepesi. Kazi iko kwenye adabu. Mama wa makamo akiombwa na binti aliyemwona akikua atasema "sawa, mwanangu" hata kama moyo haupo. Kwa hiyo usimwombe uso kwa uso. Ombi lipelekwe na mtu mwingine, naye apewe siku za kufikiri. Halafu hawa wameshahojiwa sana, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na maofisa wa uhamiaji, kila mara na mtu aliyeshika karatasi. Ukianza na "ulizaliwa lini, mlikuwa wangapi nyumbani", watakujibu kama wanavyojibu ofisini. Wakimbizi wengi wameandikiwa kwamba walizaliwa Januari 1, kwa kuwa tarehe halisi haikujulikana. Usichokonoe lolote linaloweza kugongana na faili zao za uhamiaji: halitakusaidia, na linaweza kuwaponza. Uliza soko la kambini, walivyoufanya mgawo wa chakula utoshe, kazi ya kwanza huko Texas, na siku walipogundua kwamba hapa hakuna Mbembe wala Mfuliiru, makabila ya kwao Kongo, wote ni "weusi". Mimi ningejenga mradi mzima juu ya hilo la mwisho. Majina yabadilishe. Maneno yao ya Kiswahili yaache yalivyo, tafsiri ikae pembeni.

Nataka mada ya Afrika Mashariki, msimamizi anataka ya Marekani. (Mwanafunzi, Boston)

Zipo za kuwaridhisha wote wawili. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kwenda Marekani kwa mpango wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, fedha zikichangishwa na Wamarekani weusi mashuhuri akina Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Walitua katika nchi ambayo majimbo ya kusini bado yalitenga watu kwa rangi. Walipokewa kama weusi au kama wageni? Au wachukue Wabantu wa Somalia: wazee wao walipelekwa utumwani katika karne ya 19 kutoka Tanzania, Msumbiji na Malawi za leo, wao wakahamishiwa Marekani kwa maelfu kuanzia 2003, na baadhi yao hadi leo wanazungumza Kizigua. Ningekuwa na umri wako ningeikimbilia hii. Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966, imeshaandikwa hadi basi.

Mwanangu anamaliza masomo haya na ada imenitoa jasho. Atafanya kazi gani? (Baba, Moshi)

Mzee wangu, sikudanganyi: si kama uuguzi. Wahitimu huingia ualimu, sheria, ustawi wa jamii, makumbusho na mashirika ya wakimbizi, na mara nyingi hudaiwa shahada nyingine. Jimbo nalo lina uzito. California, kwa sheria ya 2020, inamtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vya California State University apitie kozi ya somo hili. Texas, kwa sheria ya 2023, ilifunga ofisi za usawa na ujumuishi katika vyuo vya umma, ingawa sheria hiyo haikugusa ufundishaji na utafiti. Mradi huu ndio atakaomwonyesha mwajiri, kwa hiyo mwambie akueleze kwa simu anatafuta nini. Usipomwelewa wewe uliyemzaa, mwajiri atamwelewaje?

Zimebaki wiki sita na nina utangulizi tu. (Mwanafunzi, Ohio)

Uache utangulizi, utauandika mwisho. Kama kibali cha mahojiano hakijatoka, hamia kwenye magazeti ya zamani na sensa, ambavyo havikingoji. Nadharia chagua moja. Na leo hii mwandikie msimamizi mistari mitano: una nini, huna nini, na Ijumaa utampelekea kurasa zipi.