Jibu kwa mwalimu wa Musoma aliyepata kazi Kisumu

Mdogo wangu, hongera sana. Umeuliza kama mwalimu wa Kiswahili kutoka Musoma ataizoea shule binafsi ya Kisumu, na aanzie wapi. Mimi nilitoka Mwanza, nafundisha somo hilohilo hapa, na siku hizi wageni wakinipigia simu ndivyo ninavyowaambia: kuzoea mji ni rahisi, kazi ipo darasani. Makaratasi niyataje kwanza, maana bila hayo darasa lenyewe hulifikii.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limekuwepo tangu 2010, lakini halikuondoa kibali cha kazi. Mwajiri ndiye anayekuombea, kwa hiyo mkataba usainiwe kabla hujafunga mizigo. Halafu kuna TSC, tume ya Kenya inayosajili na kuajiri walimu. Kwa sheria yao ya 2012, hakuna anayeruhusiwa kufundisha Kenya bila kusajiliwa, awe mzawa au mgeni, shule iwe ya serikali au ya mtu binafsi. KNEC, baraza la mitihani la Kenya, ndilo litakalolinganisha vyeti vyako vya NECTA, na shahada nayo inatakiwa itambuliwe rasmi huku. Haya yana foleni, yaanze ukiwa bado nyumbani. Shule ikikwambia "njoo tu, tutayamalizia huku", kataa kwa upole na uombe waanze kwa maandishi. Nimemwona mwenzetu akifundisha muhula mzima roho juu, hana kibali, hajui akikamatwa nani atasimama naye.

Kwenye mshahara, usiulize kiasi kilichoandikwa, uliza kinachofika mkononi. Hukatwa kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali, na asilimia 1.5 ya mpango wa nyumba. Uliza pia kama miezi ya likizo inalipwa kamili. Huku likizo huangukia Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na zipo shule binafsi zinazolipa nusu mshahara miezi hiyo. Nyumba nayo itakufurahisha: mwenye nyumba wa Kisumu hadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama wa kwetu. Unalipa ya mwezi mmoja pamoja na amana, basi. Tafuta Migosi au Lolwe, au karibu na shule, na kabla hujalipa waulize wapangaji maji hutoka siku zipi.

Sasa darasa. Wengi wetu tunavuka mpaka pale Sirari tukiamini kwamba kwa kuwa Kiswahili ni cha kwetu, kukifundisha hapa kutakuwa mteremko. Walimu wa Kiswahili wa Kenya wamebobea, hasa kwenye sarufi. Ngeli hapa zinafundishwa kwa upatanisho, A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI na nyinginezo, na mtoto huanza kuzisikia shule ya msingi. Akifika sekondari anategemea uzijue zote bila kusita. Isimujamii, yaani matumizi ya lugha katika jamii, nayo inatahiniwa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, mwombe mkuu wa idara karatasi za mitihani iliyopita pamoja na miongozo ya kusahihisha, uzifanye mwenyewe kama mtahiniwa. Kiswahili cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kina karatasi tatu: Insha alama 40, Lugha 80, Fasihi 80. Ujue pia kwamba utakuta mifumo miwili ndani ya shule moja. Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4, mfumo wa zamani wenye kidato cha kwanza hadi cha nne, wanamaliza 2027, na gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya wa umilisi imeingia Januari 2026. Azimio la kazi na andalio la somo havifanani katika mifumo hiyo, usinakili la huku ukalipeleka kule.

Wanafunzi wenyewe nawapenda, na kwa ajili yao ndiyo maana naandika kirefu. Wengi wanaongea Dholuo, lugha ya Waluo, nyumbani na Sheng, lugha ya mtaani ya vijana, wakiwa na wenzao, na tangu gredi ya 4 masomo mengine yote wameyasoma kwa Kiingereza. Kiswahili kwao ni kipindi kwenye ratiba. Dholuo hakina sauti za sh, z wala v, kwa hiyo utasikia na kusoma "samba" mahali pa shamba. Tafadhali usiwacheke, na usiruhusu darasa licheke. Mtoto aliyechekwa lafudhi hanyooshi mkono tena mwaka mzima. Mimi nawasomesha kwa sauti kila kipindi, dakika chache tu, nawapa vitanzandimi, na wanaotaka mazoezi zaidi nawapeleka kwenye chama cha Kiswahili jioni. Baada ya muda wanaanza kusahihishana wenyewe, tena kwa upendo. Na wasipokuamkia shikamoo usihisi umedharauliwa. Huku si desturi. Watakupa mkono na "habari ya asubuhi, mwalimu", na heshima iko palepale.

Chumba cha walimu mazungumzo yatakuwa Kiingereza na Dholuo. Kila ubishi wa Kiswahili utaletwa kwako uamue. Jibu unalolijua, lingine mwelekeze mkuu wa idara, maana yeye ndiye anayejua mtahini anataka jibu gani na atakusaidia siku nyingi kuliko utakavyomsaidia.

Upweke upo, hasa wikiendi za mwanzo. Kilichonifungulia milango ni misiba. Waluo huzika nyumbani kwa marehemu, mara nyingi Jumamosi, na mwalimu mwenzako akifiwa shule nzima inachanga na kupanda basi kwenda Bondo, Ugenya au Homa Bay. Jiunge na mfuko wa ustawi wa walimu mwezi wako wa kwanza, na basi likiondoka uwemo. Mzee wa boma akishakujua kwa sura, na mwenzako akishaona ulifika kwao, hakuna tena atakayekuita mgeni.

Chakula hakitakusumbua, ziwa ni lilelile. Dagaa ni omena, sangara ni mbuta, na soko la Kibuye utapata ugali wa muhogo na mtama uliouzoea. Chandarua usikiache, malaria ya huku ni kama ya kwetu.

Muhula wa kwanza hufunguliwa mapema Januari. Fika wiki moja kabla, upate nyumba, usajili laini ya M-Pesa, uchukue vitabu vya kiada, na uombe ukae nyuma ya darasa la mwenzako angalau vipindi viwili kabla ya kushika chaki. Ukishajua tarehe yako ya kuvuka, niandikie, nitakuelekeza gari la kupanda Migori.