Unakula vizuri, mwili haunufaiki: anzia wapi?

Kabla ya kununua vitamini, tazama choo chako. Kinyesi chenye mafuta yasiyosagwa huwa na rangi iliyofifia, kinanuka kupita kawaida, kinaelea na kuacha utando juu ya maji. Unavuta maji mara mbili na bado kimeng'ang'ania. Hali hiyo ikidumu wiki kadhaa na uzito unashuka ilhali unakula, kasoro haiko kwenye sahani, iko kwenye kusaga au kufyonza chakula. Mafuta yakipotea hivyo, vitamini A, D, E na K hupotea nayo: giza likiingia macho hayaoni vizuri, mifupa inauma, michubuko inatokea bila kujigonga.

Vidonge vya madini ya chuma navyo vina lugha yake. Vikifanya kazi, hemoglobini (kiwango cha damu) hupanda takriban gramu 2 kwa desilita ndani ya wiki 3 hadi 4. Isipopanda, usijiongezee dozi. Angalia kwanza kama unavimeza na chai, maziwa au dawa ya kiungulia, maana vyote hivyo huzuia chuma kufyonzwa. Ukirekebisha hapo na damu bado iko chini, mwombe daktari atafute chanzo: bakteria wa H. pylori, damu inayovuja polepole tumboni, au siliaki, ugonjwa unaochochewa na glutini (protini ya ngano) na kushambulia mwanzo wa utumbo mwembamba, hapohapo chuma kinapofyonzwa.

Kwenye siliaki wengi hujiharibia wenyewe: wanaacha ngano, kisha ndio wanakwenda kupima. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazochochewa na glutini. Ukishaiacha zinapungua, na jibu linatoka safi ilhali ugonjwa upo. Kula vyakula vya ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6, ndipo upime.

Vitamini B12 ni mjanja zaidi. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo ganzi ya miguu na kuyumba gizani huja wakati chanzo kimeshasahaulika. Anayetumia metformini (dawa ya kisukari) kwa muda mrefu, au aliyeondolewa kwa upasuaji sehemu ya tumbo au mwisho wa utumbo mwembamba, apimwe hata kama hajisikii vibaya. Na usianze asidi ya foliki kabla ya kupima B12: kiwango cha damu kitapanda, utafurahi, huku neva zikiendelea kuharibika.

Ukiandikiwa vimeng'enya vya kongosho, yaani dawa za kusaidia kusaga chakula, anza kuvimeza na tonge la kwanza, vingine katikati ya mlo. Ukisubiri hadi umalize kula, chakula kimeshatangulia.

Mgonjwa aliyekonda sana asishindiliwe chakula kwa huruma. Sukari ikirudi ghafla, fosfeti (aina ya madini) katika damu huporomoka na moyo unaweza kushindwa. Hospitali huanza na kiasi kidogo, humpa vitamini B1 kabla ya kumlisha, na hupima damu yake kila siku mwanzoni. Akivimba miguu, akihema kwa shida au akichanganyikiwa siku chache baada ya kuanza kula, arudishwe hospitali saa hiyohiyo.