Jibu: Mume wangu anasema anajiona mwanamke, ndoa imeisha?

Habari dada. Umesema mumeo amekufungulia moyo kuwa ndani yake anajiona mwanamke, na sasa hulali ukijiuliza kama maana yake anapenda wanaume. Nimepitia haya na mwenzangu.

Anza kwa kutenganisha mambo mawili. Anajiona nani ni habari moja, anavutiwa na nani ni habari nyingine. Wapo wanaobadili jinsia na bado wanampenda mke yuleyule, wapo ambao mvuto unahama. Usikisie, muulize. Mimi niliuliza tukiosha vyombo, hakuna anayemkazia mwenzake macho, na majibu yalitoka kirahisi kuliko siku tuliyokaa mezani kama kikao cha wazee.

Watakaokwambia ni kichaa wapuuze. Shirika la Afya Duniani liliitoa hali hii kwenye kundi la magonjwa ya akili, katika orodha iliyopitishwa 2019.

Kisha muulize anataka nini kibadilike sasa: jina, mavazi, homoni, au anataka kusikilizwa tu? Usimwambie ndugu yeyote bila ruhusa yake, maana kuna mahali siri hii ikivuja inahatarisha maisha. Ila usibebe mwenyewe, kubalianeni mshauri nasaha mmoja anayetunza siri.

Na wewe je? Kama huvutiwi na mwanamke, mwambie mapema, bila matusi. Kumpenda hakukulazimishi kugeuza mvuto wako. Sisi tumebaki pamoja, ila kitandani tulilazimika kuanza mazungumzo upya kabisa, na hadi leo hayajaisha.